Algeria: Nchi ya Waislamu iliyouza mvinyo kuliko zote duniani

Ukiuliza barazani ni nchi gani iliwahi kuongoza duniani kwa kuuza mvinyo nje, utatajiwa Ufaransa, kisha Italia, kisha Uhispania. Mwenye kusoma sana pengine ataitaja Afrika Kusini. Ni nadra kumsikia mtu akitaja Algeria. Lakini ndiyo hiyo. Kwa takriban nusu karne, hadi ilipopata uhuru mwaka 1962, hakuna nchi iliyopeleka mvinyo mwingi nje ya mipaka yake kuliko Algeria, nchi ambayo watu tisa katika kumi walikuwa Waislamu.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Hukumu ya kinywaji hiki kwetu haina mjadala na sikukaa kuifungua upya. Kinachonivuta ni suala la ardhi: nani aliamua mzabibu upandwe pale, ulimfaa nani, na kwa nini wenye nchi waliporudishiwa shamba lao walikuta mkononi zao wasiloweza kulila wala kuliuza kwa urahisi. Sisi wa mwambao, ambao hadi leo tunabishana kuhusu hati za tangu sheria ya ardhi ya 1908, hatuhitaji kuelezwa sana uzito wa maswali hayo.

Na habari yenyewe haianzii kwenye mvinyo. Inaanzia kwenye ngano.

Mwishoni mwa karne ya 18, Ufaransa ilikuwa vitani na ilihitaji chakula. Ngano ya Algeria ilivuka bahari kulisha majeshi yake, kupitia wafanyabiashara wawili wa Algiers, Bakri na Busnach. Deni halikulipwa. Miaka ikapita, wafalme wakabadilika Paris, na kila aliyeingia alikuwa na sababu yake ya kuchelewesha. Tarehe 29 Aprili 1827, Dei Hussein, mtawala wa Algiers, alimuuliza konsuli wa Ufaransa, Pierre Deval, kuhusu deni hilo, akajibiwa jibu lililomuudhi. Dei akampiga konsuli kwa usinga aliokuwa ameushika. Ufaransa ikasema imevunjiwa heshima, ikaziba bandari kwa manowari, na tarehe 14 Juni 1830 ikashusha majeshi Sidi Ferruch, magharibi ya Algiers. Siku tano baadaye pakapiganwa vita vikubwa mahali paitwapo Staouéli. Mahali hapo nitaparudia.

Baada ya majeshi ikaja kazi ya kuchukua ardhi, na kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu kama ilivyofanywa kwa bunduki. Mali za wakfu, ambazo wao huziita habus, zilianza kuingizwa mikononi mwa serikali ya kikoloni mara tu baada ya uvamizi. Amri ya mwaka 1844 ikaondoa kinga ya wakfu kutouzwa, ili mlowezi anunue bila kuogopa kudaiwa. Baada ya uasi wa el-Mokrani wa 1871, makabila yaliyoinuka yalinyang'anywa mamia ya maelfu ya hekta. Kisha ikaja sheria ya 1873, ijulikanayo kama sheria ya Warnier, iliyovunja umiliki wa pamoja wa koo ukawa vipande vya mtu mmoja mmoja. Kipande cha mtu mmoja huuzika. Mwenye shida anauza leo, na kesho ni kibarua katika shamba lililokuwa la babu yake.

Mzabibu wenyewe haukuwa mgeni. Warumi waliulima huko, na Waislamu waliukuta, wakaendelea kuupanda kwa ajili ya kula zabibu mbichi na kukausha nyingine. Walowezi wa mwanzo walijaribu tumbaku, wakajaribu pamba, wakalima ngano, na wengi hawakufika mbali. Uwanda wa Mitidja, ambao baadaye ulisifiwa kama bustani, ulikuwa na vinamasi, na malaria iliwaua wahamiaji kwa mamia.

Lililobadilisha mambo ni mdudu. Katika miaka ya 1860, mimea iliyoletwa kutoka Marekani iliingiza Ufaransa kijidudu kidogo cha manjano kiitwacho filoksera, ambacho hufyonza mizizi ya mzabibu mpaka mti ukauke. Wakulima walijaribu dawa, wakajaribu kufurika mashamba kwa maji, na wengi wakashindwa. Mavuno ya mvinyo ya Ufaransa yalianguka kutoka takriban hektolita milioni 84 mwaka 1875 (hektolita moja ni lita 100) hadi chini ya milioni 25 mwaka 1889. Taifa lililokunywa mvinyo kama sisi tunavyokunywa chai likakosa mvinyo.

Ng'ambo ya bahari, mwendo wa siku moja na kitu kwa meli, kulikuwa na ardhi mpya mikononi mwa walowezi, jua la kutosha, na vibarua wa bei rahisi. Wakulima wa kusini mwa Ufaransa waliofilisiwa na mdudu walihamia na ujuzi wao. Benki zikakopesha kwa mkono mwepesi. Na lililokuwa kubwa kuliko yote ni kwamba Algeria, kwa sheria za Ufaransa, haikuhesabiwa kuwa nchi ya nje. Tangu 1848 iligawanywa mikoa mitatu ya Ufaransa yenyewe: Algiers, Oran na Constantine. Pipa lililotoka Oran liliingia Marseille bila ushuru, ilhali pipa la Uhispania lilitozwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mvinyo wa Algeria ulistawi kwa sababu ya udongo mzuri. Morocco na Tunisia pia zina udongo mzuri. Kilichowapa walowezi wa Algeria ushindi ni soko lisilo na mlango.

Tazama mwendo wake. Kabla ya 1880 mizabibu ya mvinyo haikufika hekta 30,000. Kufikia mwaka 1900 ilikuwa karibu 150,000 na mavuno yalikuwa takriban hektolita milioni 5. Filoksera nayo ilivuka bahari na kuonekana karibu na Tlemcen mwaka 1885, lakini kwa wakati huo dawa ilikwisha julikana: unapandikiza tawi la mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani ambalo mdudu halimdhuru. Upanzi ukaendelea. Katikati ya miaka ya 1930 mizabibu ilifunika karibu hekta 400,000, na mavuno yakapita hektolita milioni 20. Hizo ni lita bilioni 2 kwa mwaka. Wazungu wote wa Algeria wakati huo hawakufika milioni moja, na Waislamu hawakuwa wanywaji. Kwa hivyo karibu kila pipa lilikuwa la kusafirishwa, na lilikuwa na mnunuzi mmoja.

Kulikuwa na tatizo la joto. Maji ya zabibu yanapochacha hutoa joto lake yenyewe, na katika nchi ya jua kali hupanda mpaka hamira inakufa kabla sukari haijakwisha. Unabaki na kitu kitamutamu kinachogeuka siki upesi. Mvinyo wa mwanzo wa Algeria ulikuwa na sifa mbaya kwa sababu hiyo. Walowezi wakabuni njia ya kupitisha maji ya zabibu ndani ya mabomba yanayomwagiwa maji baridi, wakajenga maghala makubwa ya saruji yenye matangi kama ya mafuta, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 wakawa miongoni mwa mafundi wakubwa duniani wa kutengeneza mvinyo katika nchi ya joto. Watengenezaji wa nchi nyingine zenye joto walikuja kuiga. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na historia haifai kuandikwa kwa kuficha ustadi wa mtu unayemlaumu.

Lakini ni wanywaji wachache waliojua kwamba wanakunywa mvinyo wa Algeria. Ulikuwa mwekundu mzito na wenye kilevi kingi, wakati mvinyo wa kusini mwa Ufaransa ulikuwa mwepesi, umepauka. Wafanyabiashara wa bandari kama Sète waliuchanganya na ule wa kwao ili kuutia rangi na nguvu, kisha wakaweka jina la Kifaransa juu ya chupa. Hata maeneo yenye majina makubwa yalishukiwa kufanya hivyo. Algeria ikawa kama mpishi anayekaa jikoni, chakula kikisifiwa sebuleni kwa jina la mwingine.

Nani alikamua? Magharibi, mkoani Oran ambako mizabibu ilikuwa mingi zaidi, walikuwako vibarua wengi kutoka Uhispania. Lakini kadiri mashamba yalivyopanuka, mikono ikawa ya Waislamu. Mzabibu hautaki mapumziko: kuna kupogoa wakati wa baridi, kupalilia, kunyunyiza mrututu na unga wa salfa ili majani yasioze, kisha kuvuna mwishoni mwa kiangazi. Watu walishuka kutoka milima ya Kabylia na nyanda za juu, wakalala kwenye vibanda, wakalipwa kwa siku.

Hapa huwa nasita. Sote tunaijua hadithi ya wale kumi waliolaaniwa kwa ajili ya mvinyo, na kwamba mwenye kuukamua na mwenye kuubeba wamo. Wanazuoni wa Algeria nao waliijua vyema. Basi mfikirie Muislamu wa Aïn Témouchent mwaka 1935: ardhi ya ukoo wake imekwenda, ngano hailimwi tena karibu naye, na kazi iliyobaki ya kulisha wanawe ni kukata vichala na kuvibeba hadi kwa mkamuzi. Wapo wanaomhukumu kwa neno moja. Mimi naona dhambi ya kwanza katika habari hiyo ilitendwa na yule aliyepanga mambo mpaka asiwe na shamba jingine la kwenda.

Ufaransa yenyewe haikufurahi kwa muda mrefu. Mashamba yake yalipofufuka kwa mashina ya Kimarekani, mvinyo ukazidi na bei ikaporomoka. Mwaka 1907 wakulima wa kusini waliandamana kwa mamia ya maelfu, wakiongozwa na mwenye mkahawa mmoja, Marcelin Albert. Jeshi likaua watu Narbonne, na kikosi kimoja cha askari, wengi wao watoto wa wakulima hao hao, kikaasi. Walilaumu wachanganyaji wa sukari, wakalaumu pia mvinyo wa Algeria. Serikali haikuweza kuutoza ushuru mvinyo wa mikoa yake yenyewe, kwa hiyo ikageukia kanuni. Sheria ya mvinyo ya 1931 ilizuia upanzi mpya na kuwabana wenye mashamba makubwa yenye mavuno mengi, na ilijulikana wazi ni nani aliyelengwa. Mwaka 1935 ukaundwa utaratibu wa kulinda majina ya maeneo, ule unaofanya leo mvinyo usiitwe wa Bordeaux kama haukutoka Bordeaux. Hofu ya kushindana na Algeria ni mojawapo ya mizizi ya kanuni hizo, ambazo leo zinasifiwa Ulaya nzima kana kwamba zilizaliwa na mapenzi ya ladha tu.

Walowezi walipigana kisiasa, na walikuwa na nguvu. Nilisema nitairudia Staouéli. Mwaka 1843 uwanja ule wa vita ulipewa watawa Wakatoliki wa Trappe, wakajenga monasteri na kupanda mizabibu. Walipoondoka mwaka 1904 shamba likanunuliwa na familia ya Borgeaud, yenye asili ya Uswisi. Likawa mojawapo ya mashamba mashuhuri kabisa ya mvinyo nchini, takriban hekta elfu moja, na mrithi wake, Henri Borgeaud, alikaa katika seneti ya Paris akitetea maslahi ya walowezi. Kanisa nalo lilikuwa na mizabibu yake: shirika la White Fathers, lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Lavigerie, lilipanda mashamba Maison-Carrée, nje ya mji. Ni shirika hilo hilo ambalo msafara wake wa kwanza ulipitia Zanzibar mwaka 1878 kuelekea Tabora na maziwa makuu.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kutua Algeria Novemba 1942, njia ya Ufaransa ilikatika. Mvinyo ukalala matangini bila mnunuzi, na huku nchi ikikosa nafaka. Njaa ikawapiga watu wa vijijini, huku ardhi nyororo ya nyanda za pwani ikiwa imejaa miti ya vinywaji. Nadhani hakuna picha inayoieleza biashara hii vizuri kuliko hiyo.

Vita vya uhuru vilipoanza Novemba 1954, haikuchukua muda mizabibu ikawa shabaha. Mwaka 1955 chama cha FLN kiliwakataza Waislamu pombe na sigara, na wapiganaji wakaingia mashambani usiku kukata mashina. Shina la mzabibu huchukua miaka kadhaa kuzaa. Ukilikata kwa panga unamuumiza mwenyewe kuliko ukimchomea ghala.

Kisha, Julai 1962, uhuru. Walowezi karibu wote wakaondoka ndani ya miezi michache, wakiacha mashamba, maghala na matangi. Vibarua wakayashika wenyewe, na serikali ya Ben Bella ikahalalisha jambo hilo kwa amri za Machi 1963. Wakajikuta na takriban hekta 350,000 za mizabibu ya mvinyo.

Msomaji atauliza: si wangeing'oa yote siku ya pili? Mtu anayeuliza hivyo hajawahi kurithi deni. Mvinyo ulikuwa miongoni mwa mauzo makubwa kabisa ya nchi. Hakuna zao lililoajiri mikono mingi kuliko hilo, na ng'oa hekta za mzabibu upande ngano uone ni vibarua wangapi watabaki na kazi. Zabibu za aina hizo ni ndogo, zina ngozi ngumu, hazipendezi mezani. Sehemu nyingine za mizabibu zilikuwa miteremko ambayo ngano haifai. Hivyo taifa jipya, ambalo katiba yake ya 1963 ilitangaza Uislamu kuwa dini ya dola, liliendelea kukamua na kuuza mvinyo. Wapo waliolalamika misikitini, na wapo waliosema tuuze tupate pesa za kununua chakula.

Mwaka 1964 Ufaransa iliahidi kununua hektolita milioni 39 kwa miaka mitano, ikipunguza kidogo kila mwaka. Ahadi haikumaliza muda wake. Wakulima wa kusini walipiga kelele tena, na safari hii Algeria ilikuwa nchi ya nje kweli, haina mbunge wala seneta Paris. Mwaka 1967 Ufaransa ikafunga mlango. Matangi yakajaa. Muungano wa Kisovieti ukajitokeza kama mnunuzi wa kuokoa, hektolita milioni 5 kwa mwaka, lakini kwa bei ya chini sana. Aliyezoea mnunuzi mmoja huwa hana la kujibu mnunuzi wa pili akitaja bei yake. Watu wa Kilifi waliouona mwisho wa kiwanda cha korosho wataelewa hali hiyo bila maelezo. Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya ikakataza kuchanganya mvinyo wa nje na wa kwake, na hapo kazi ile ya zamani ya kutia rangi na nguvu ikafa rasmi.

Februari 1971 Rais Boumédiène alitaifisha mafuta na gesi vilivyokuwa mikononi mwa makampuni ya Ufaransa. Ufaransa ikajibu, miongoni mwa mengine, kwa kuukataa mvinyo. Lakini sasa Algeria ilikuwa na pesa za mafuta, na kwa mara ya kwanza iliweza kusema hapana. Ukaanza ung'oaji mkubwa: matrekta yakapita Mitidja, yakapita Oran, mahali pengine pakapandwa nafaka, pengine miti ya matunda, pengine zabibu za kula. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi, ila utekelezaji ulikuwa wa haraka. Mashina mengi yalikuwa yamezeeka na yangekufa yenyewe, lakini kwenye miteremko mzabibu ulishika udongo, na vibarua wengi hawakupewa kazi badala. Wengi wao walihamia mijini, na wengine wakavuka bahari kwenda huko huko Ufaransa.

Ngano nayo haikurudi kama ilivyotarajiwa. Idadi ya watu ilipanda haraka, mvua za Algeria hazina uhakika, na pesa za mafuta zilifanya kununua kuwe rahisi kuliko kulima. Nchi iliyoikopesha Ufaransa ngano wakati wa Napoleon leo ni miongoni mwa waagizaji wakubwa wa ngano duniani, na kwa miaka mingi muuzaji wake mkuu alikuwa Ufaransa.

Mvinyo haukuisha kabisa. Shirika la serikali lililoundwa mwaka 1968 kusimamia zao hilo liliendelea kufanya kazi, hata katika miaka ya 1990 ya umwagaji damu, na miaka ya 2000 serikali ilisaidia upanzi mpya wa mizabibu, sehemu kubwa ikiwa ya zabibu za kula. Kiasi kinachokamuliwa sasa ni chembe ya kile cha 1935. Chupa zinazojulikana zaidi nje zimeandikwa Coteaux de Mascara, yaani miteremko ya Mascara. Mji huo ndio uliokuwa makao ya Amir Abdelkader, mwanazuoni aliyepigana na Wafaransa kuanzia 1832 hadi 1847.